Bembea Iliyosimama Siku ya Idi



Mwezi huu barza yetu yataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wazee wengi hulidharau na watoto wote hulipenda, nalo ni bembea. Hatukusudii kamba mbili zilizofungwa kwenye tawi la mti, bali zile bembea za chuma ziendazo kwa mashine, ambazo siku za sikukuu huletwa katika miji yetu juu ya malori, zikasimamishwa uwanjani, na baada ya siku chache zikafunguliwa na kupelekwa mji mwingine. Huenda msomaji mmoja akauliza: Je, gazeti la Kiislamu na bembea, wapi na wapi? Twamwomba asubiri kidogo. Penye watoto wetu ndipo penye haja yetu.

Yaliyotufanya tuandike yalitukia hapa kwetu Ilomba, katika Jiji la Mbeya, siku ya Idi ya Mfungo Mosi, katika miaka hii ya karibuni. Usiku wa kuamkia Idi ilinyesha mvua kubwa. Asubuhi tukaswali kwenye majamvi yaliyolowa, na kufika alasiri jua likatoka, na watoto wakamiminika uwanjani kwa nguo zao mpya. Palikuwa na bembea ya farasi kwa wadogo, na nyumba ya mpira ya kurukia, na juu ya vyote gurudumu kubwa lenye viti kumi na viwili, ambalo mtu akiwa juu yake huiona barabara kuu iendayo Uyole na milima iliyo nyuma ya mji. Watoto walipanga mstari mrefu, kila mmoja amefumba shilingi zake za Idi mkononi.

Gurudumu lilizunguka kwa muda kama wa saa moja. Kisha mwenyewe akalisimamisha. Akawateremsha waliokuwamo kiti baada ya kiti, akainama kutazama mbao zilizotandikwa chini ya miguu ya mashine, akainuka, akasema: “Leo basi. Halizunguki tena.” Waliokwisha lipa akawarudishia fedha zao mmoja mmoja.

Ndugu zangu, kelele zilizotoka hapo hazisemeki. Kuna waliomwita mwizi. Kuna waliosema kuwa ataka kupandisha bei kesho. Nami sitaki kujitoa, maana nilikuwa miongoni mwa waliokasirika. Mjukuu wangu alikuwa amebakisha watoto wawili tu mbele yake, naye akalia kilio cha kukata moyo. Nikamwendea yule bwana, nikamwambia: “Watoto hawa wameingoja Idi mwaka mzima, nawe wawafungia mlango usoni?” Akanijibu kwa adabu: “Shikamoo, mzee. Naomba radhi. Ardhi imelowa, na mguu mmoja umeanza kuzama. Shilingi ya mtoto naweza kuirudisha.” Hakusema zaidi, wala hakuhitaji.

Baada ya swala ya Isha nikawakuta vijana watatu kwenye ukuta wa msikiti, wakibishana. Vijana hawa huzijua khabari za bembea kama wenzao wanavyozijua khabari za Simba na Yanga.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, wanangu. Mwamsengenya nani usiku wa Idi?”

“Hatumsengenyi mtu, Mwalimu, twaipima biashara yake.”

Wa kwanza, ambaye baba yake ni mfanyabiashara katika soko la Mwanjelwa, alisema kuwa yule bwana hajui kazi yake. Idi ni siku tatu tu. Lori limekwisha lipwa, dizeli imenunuliwa, kiwanja kimelipiwa, na wafanyakazi wataka ujira wao hata gurudumu lisipozunguka. Anayefunga alasiri ya siku ya kwanza amejikata mkono mwenyewe. Wa pili, anayejifunza ufundi katika gereji, alisema ilitosha kupunguza watu, nusu ya viti vikae vitupu. Wa tatu, mpenzi wa kusoma khabari za ng’ambo, akatikisa kichwa. Alitueleza khabari za gari la reli liitwalo Formula Rossa huko Abu Dhabi, lililofunguliwa mwaka 2010 na kufikia mwendo wa kilomita 240 kwa saa, kisha akauliza: “Sisi hapa gurudumu dogo tu latushinda kwa sababu ya tope?”

Nikaketi nao. Haya tunayoyaandika ni yale tuliyozungumza usiku ule, pamoja na mengine tuliyoyatafuta baadaye.

Kwanza, tusidhani kuwa gurudumu hili ni jambo geni lililoletwa juzi na watu wa Ulaya. Mwaka 1615 msafiri wa Kirumi aitwaye Pietro della Valle alikuwako Istanbul, mji mkuu wa Dola ya Kituruki, wakati wa sherehe za Ramadhani. Aliona bembea kubwa za kila namna, akapanda gurudumu akafurahi mno; lakini Mgiriki aliyeketi karibu naye alishindwa na mwendo ule, akapiga kelele kuomba wasimamishe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1620, Mwingereza Peter Mundy alipita katika mji ambao leo waitwa Plovdiv, nchini Bulgaria, uliokuwa chini ya Dola hiyo hiyo, akayaona magurudumu ya watoto akayachora. Basi gurudumu la sikukuu Waislamu walilipanda karne mbili na zaidi kabla ya mhandisi wa Kimarekani George Ferris kusimamisha lake mjini Chicago mwaka 1893.

Hilo la Ferris lilikuwa ajabu ya zama zake. Kimo chake kilikuwa mita 80, nalo lilikuwa na vyumba 36, kila kimoja kikichukua watu 60. Watu zaidi ya milioni moja walilipa kulipanda. Lakini tazameni mwisho wake: Ferris alifariki mwaka 1896, naye amezama katika madeni na kesi, na mwaka 1906 gurudumu lenyewe likaangushwa kwa baruti. Na katika zama zetu, Dubai ilifungua mwaka 2021 gurudumu refu kuliko yote duniani, liitwalo Ain Dubai, lenye kimo cha mita 250. Mnamo Machi 2022 likafungwa, na halikufunguliwa tena mpaka Desemba 2024. Nikamwambia yule kijana wa khabari za ng’ambo: “Waona, mwanangu? Hata mwenye mali ya Dubai hufika siku akalisimamisha gurudumu lake. Kusimama si aibu ya maskini.”

Ama kuhusu tope, hesabu yake ni rahisi, na kila mtoto wa skuli aweza kuifanya. Chukua gurudumu lenye kimo cha mita 12, na miguu yake imeachana mita 4. Upande mmoja ukizama sentimita 10 tu, yaani upana wa kiganja, basi kule juu kabisa kiti kimekwisha kuegemea sentimita 30. Tena hapo si kuegemea tu. Ekseli iliyotengenezwa kubeba uzito wima sasa yabeba uzito wa upande, beringi zalika, na kila mzunguko waongeza mzigo upande ule ule uliokwisha kudhoofika. Ndiyo sababu chini ya miguu hutandikwa mbao pana, zigawe uzito juu ya ardhi, kama vile mtu apitaye matopeni juu ya ubao asivyozama.

Yule fundi wetu aliposema viti viachwe vitupu, alikaribia jambo la kweli bila ya kulifikia. Mwendeshaji ajuaye kazi hapakii gurudumu ovyo. Hupakia kiti kimoja, kisha akazungusha nusu, akapakia kinachokielekea, ili pande zote mbili zilingane. Gurudumu lililoelemewa upande mmoja huishinda breki, likajizungusha lenyewe. Lakini kupunguza watu hakuiponyi ardhi laini. Mzigo mkubwa wa gurudumu ni chuma chake lenyewe.

Tena liko jambo la mwezi. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2008 Idi ya Mfungo Mosi iliangukia tarehe 1 Oktoba, na ardhi yetu ya Mbeya wakati huo ni kavu kama tofali. Mwaka 2024 ikaangukia Aprili, na mwaka 2025 tarehe 31 Machi, ambapo mvua za huku hazijakatika. Kiwanja kilichobeba bembea salama miaka ile si kiwanja kile kile leo.

Tumeitaja tarehe 1 Oktoba 2008, na kalamu yataka kusimama. Siku hiyo ya Idi, mjini Tabora, watoto walikusanywa katika ukumbi kwa ngoma iliyoitwa disko toto. Wakajaa kupita kiasi, hewa ikapungua, wakakanyagana, na watoto wapatao 20 hawakurudi nyumbani. Walitoka na nguo za Idi, wakarudishwa katika sanda. Serikali ikapiga marufuku disko toto, na hata miaka iliyofuata polisi wameendelea kuwakumbusha watu katazo hilo kila sikukuu inapokaribia.

Msiba ule uliwafanya watu wengine waseme: Basi watoto wakae nyumbani siku ya Idi, wale pilau, walale. Maneno haya yana uchungu wa mzazi, lakini sisi hatukubaliani nayo. Wasomaji wetu waijua khabari ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki na ngao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, akawatazama, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akamstiri mpaka alipotosheka mwenyewe. Furaha ya Idi ina asili katika dini yetu. Lakini ni huyo huyo Mtume aliyemfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Pale Tabora furaha haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba hapana mtu aliyesema, “Basi, wametosha,” mlango ukafungwa, na waliobaki nje wakarudishiwa shilingi zao.

Wala tusidhani kuwa khatari ni ya nchi maskini peke yake. Tarehe 26 Julai 2017, mjini Columbus katika jimbo la Ohio, Marekani, bembea iitwayo Fire Ball ilikatika ikiwa hewani. Kijana wa miaka 18 alifariki na watu 7 wakajeruhiwa. Wakaguzi walikuwa wameipitisha siku ile ile! Baadaye watengenezaji wake wakaeleza kuwa kutu ilikuwa imekula chuma kwa ndani, katika mkono ulio mtupu kama mwanzi, na kwa nje haikuonekana. Mwishoni mwa Julai 2025, huko Taif nchini Saudi Arabia, nguzo ya bembea ilikatika vipande viwili mbele ya macho ya watu, na 23 wakajeruhiwa. Rangi mpya, basi, si ushahidi wa chuma kizima. Bembea inayohama hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa mwaka, na kila kufungwa ni nafasi ya kusahau pini moja.

Je, mzazi asiye fundi afanye nini? Twapendekeza mambo matano, nayo hayahitaji elimu kubwa.

La kwanza, tazama chini kabla ya kutazama juu. Je, miguu imekaa juu ya mbao pana, au juu ya mawe yaliyorundikwa? Je, yako maji yaliyotuama karibu nayo?

La pili, tazama viungo. Kila pini iwe na kifungio chake cha kuizuia isitoke. Ukiona msumari uliopindwa au waya uliosokotwa mahali pa pini, mshike mtoto mkono mwende zenu.

La tatu, mtazame mwendeshaji. Je, aangalia viti au aangalia simu? Je, hujaribu kwa mkono wake kila chuma cha kumzuia mtu asianguke, kabla ya kuwasha mashine? Na je, umemwona akimkataa mtoto aliye mdogo mno? Mwendeshaji asiyemkataa mtu yeyote usimpe mtoto wako.

La nne lawahusu khasa akina mama na mabinti. Nguo zetu za sitara ni ndefu, na mashine haijui heshima. Tarehe 8 Aprili 2010, huko Port Stephens, Australia, mama mmoja wa Kiislamu alifariki baada ya nguo yake kunaswa na gurudumu la kijigari cha mashindano alichokuwa akikiendesha. Hatusemi nguo ivuliwe. Twasema mtandio ubanwe vizuri shingoni na ncha zake zifichwe ndani ya nguo, khanga isiachwe ikining’inia, na buibui likunjwe chini ya mapaja. Na kwa chombo chenye magurudumu wazi karibu na nguo, ni kheri kutokipanda kabisa.

La tano, uliza cheti. Tunayo sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, na Wakala wake wa serikali. Wako Zimamoto, na lipo Jiji litoalo ruhusa ya viwanja. Mwenye bembea aliyekaguliwa hakasiriki akiulizwa. Hufurahi, kwa kuwa amelipia karatasi ambayo hapana aliyewahi kuitazama.

Hapo yule kijana wa biashara akauliza swali lililotunyamazisha sote: “Mwalimu, wasema kweli. Lakini kama asimamaye hupata khasara na asiyesimama hupata faida, nani atasimama?”

Hili ndilo fundo lenyewe. Bembea ya kuhama huishi kwa siku tatu za Idi na siku chache za maonyesho, na khofu ya khasara ndiyo inayomfanya mtu afumbe macho mbele ya pini iliyolika. Wenzetu wa Zanzibar wametafuta njia nyingine. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa huko, ulioanzishwa mwaka 1998 kutunza akiba za wafanyakazi, umeweka viwanja vya kufurahishia watoto Kariakoo mjini Unguja na Tibirinzi huko Chake Chake, Pemba. Kiwanja cha kudumu husimama juu ya zege, hakihofii tope. Mvua ikikifunga leo, kesho kipo, na mwezi ujao kipo. Tena mwenyewe ajulikana, na akikosea ana mlango wa kubishiwa. Hakikosi taabu zake, maana hewa ya bahari yenye chumvi hula chuma, na baada ya Idi huja majuma ya wateja wachache na mishahara ile ile. Lakini khasara ya alasiri moja haimtishi mwenyewe akaacha kusimama.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuwezi kuwapeleka watoto wetu Kigamboni, mwendo wa kilomita mia nane na zaidi, ili wapande bembea. Wala hatusemi kuwa Ilomba yahitaji gurudumu la Dubai. Twasema kuwa misikiti na wazazi wa mji mmoja waweza kukubaliana na mwenye bembea mmoja mwaminifu, wakamtafutia uwanja wa changarawe uliotengenezwa mapema, wakamwombea ushuru mwepesi, wakamwahidi kuwa mvua ikimfunga siku moja watamwongezea siku ya nne. Mapatano kama haya hayahitaji mamilioni, yahitaji mkutano mmoja katika mwezi wa Shaabani.

Sasa tumalize kisa chetu. Asubuhi ya siku ya pili vijana watatu wale waliniamsha mlangoni. Walikuwa wamekwenda uwanjani baada ya swala ya Alfajiri. Mguu wa gurudumu, walisema, ulikuwa umezama usiku mpaka ubao wake haukuonekana tena, na gurudumu limeinama kama mzee aliyesinzia. Yule wa gereji hakusema neno. Alikuwa amekwisha vua viatu.

Wakakusanya wenzao, wakaomba changarawe kwa jirani aliyekuwa akijenga, wakaibeba kwa toroli. Mwenye bembea na wafanyakazi wake wakalifungua gurudumu kipande kwa kipande, wakalisimamisha upande wa juu wa uwanja ambako ardhi ni ngumu, nao vijana wakashika kamba na mbao na kuuliza jina la kila pini. Ilikwisha adhuhuri. Mara ya kwanza lilizunguka tupu, viti vyote kumi na viwili bila ya mtu, nasi tukasimama kulitazama. Mara ya pili lilizunguka na mifuko ya mchanga. Mara ya tatu akapanda mwenyewe.

Ndipo akawaita watoto. Mjukuu wangu alikuwa wa kwanza, akanipungia mkono kutoka juu. Nami nilimwendea yule bwana mbele ya watu wale wale walionisikia jana, nikamwomba msamaha. Akacheka, akasema: “Mzee, jana ulinigombeza kwa ajili ya mtoto. Nami nilifunga kwa ajili ya huyo huyo.”

Wazazi wenzangu, Idi ijayo mtakapowaona watoto wamepanga mstari na mwenye bembea akasema, “Leo basi,” msimpigie kelele. Mpeni mkono.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullah.